Jinsi ya kulipima dai la nusu-metali, kuanzia kalamu hadi ncha ya niobi

Mwaka 1983 wanafizikia wanne waliokuwa wakifanya kazi Uholanzi, de Groot, Mueller, van Engen na Buschow, walichapisha hesabu za aloi ya nikeli, manganisi na antimoni: NiMnSb. Hesabu zilionyesha jambo ambalo lilikuwa halijapewa jina. Elektroni zenye spini (sifa inayoifanya kila elektroni iwe kama sumaku ndogo) ya kuelekea juu zilipita ndani ya fuwele kama zinavyopita kwenye waya wa shaba. Zenye spini ya kuelekea chini zilikuta pengo la nishati, yaani eneo la nishati lisilo na nafasi za elektroni, kana kwamba ziko ndani ya kihami. Fuwele ni ileile, atomu ni zilezile, ila kundi moja lina njia na jingine halina. Wakakiita kitu hicho nusu-metali ya ferosumaku.

Tangu hapo makala za kutangaza nusu-metali mpya zimekuwa nyingi mno, na nyingi huishia kwenye kauli ileile: mwelemeo wa spini ni asilimia 100. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mwalimu wa fizikia anayetaka kujua aifanye nini kauli hiyo. Nitatembea na NiMnSb karibu njia nzima. Ndiyo iliyoanzisha habari yote, na inafundisha kuliko nyingine, kwa kuwa kwenye karatasi ni kamili lakini maabara haitoi jibu lilelile.

Kabla ya kuanza: jina na kipimo

Kwenye vitabu vya kemia vya shule, "nusu-metali" tumezoea kuliona likitumika kwa elementi kama silikoni na jerimani. Sahau maana hiyo kwa sasa. Hapa nusu inahusu spini: nusu ya elektroni, yaani zile za spini moja, ndizo zinazoishi kwenye metali.

Kipimo chenyewe ni mwelemeo wa spini, P. Chukua nafasi za elektroni zilizopo kwenye kiwango cha Fermi (nishati ambapo nafasi zilizojaa zinaishia) kwa spini juu, toa zile za spini chini, kisha gawa kwa jumla yake:

P = (N juu − N chini) / (N juu + N chini)

Maneno "kwenye kiwango cha Fermi" ndiyo yenye uzito. Elektroni zinazobeba mkondo ni chache zilizo karibu na kiwango hicho. Ni kama abiria waliosimama karibu na mlango wa daladala: hao ndio wanaopanda na kushuka, waliobanwa ndani hawatikisiki. Kwa hiyo sumaku kali si lazima iwe na P kubwa. Usumaku unahesabu abiria wote waliomo ndani ya gari, ilhali P inahesabu wa mlangoni tu. Chuma ni sumaku ya kuaminika, na bado P yake ikipimwa kwa mkondo inakuja takribani asilimia 40 hadi 45. Nusu-metali ni pale N ya spini moja inapokuwa sifuri kabisa, na P ikawa 1.

Hatua ya 1: Hesabu elektroni kwa kalamu

Usiwashe kompyuta bado. Kuna hesabu ya dakika mbili inayoweza kulikata dai kabla halijakugharimu wiki.

Ikiwa spini ya wachache (ile yenye elektroni chache zaidi) ina pengo kwenye kiwango cha Fermi, basi bendi zake, yaani makundi ya nafasi za nishati, zilizo chini ya pengo zimejaa zote na zilizo juu ni tupu zote. Hakuna bendi iliyojaa robo au theluthi. Idadi ya elektroni za spini hiyo kwa kila molekuli ya fomula ni lazima iwe namba kamili. Jumla ya elektroni nayo ni namba kamili. Basi tofauti kati ya spini mbili, ambayo ndiyo momenti ya sumaku kwa magnetoni za Bohr (kizio cha usumaku wa elektroni moja), ni namba kamili pia.

Kwa NiMnSb, nikeli inaleta elektroni 10 za valensi, manganisi 7, antimoni 5. Jumla 22. Chini ya pengo la spini ya wachache kuna bendi tisa: moja ya s na tatu za p zinazotokana na antimoni, na tano za d. Wachache ni 9, wengi ni 13, tofauti ni 4. Ndiyo maana kanuni ya kundi hili la aloi huandikwa M = Z − 18, Z ikiwa jumla ya elektroni za valensi.

Aloi kamili za Heusler, zile zenye atomu nne kama Co2MnSi, zina bendi kumi na mbili chini ya pengo, kwa hiyo M = Z − 24. Kobalti mbili zinaleta 18, manganisi 7, silikoni 4, jumla 29. Momenti ni 5, na 5 ndiyo inayopimwa. Jaribu pia Fe2VAl: 16 na 5 na 3 ni 24. Momenti sifuri, na kweli si ferosumaku.

(Jina Heusler ni la Fritz Heusler, Mjerumani aliyeonyesha mwaka 1903 kwamba shaba, manganisi na alumini, ambazo hakuna hata moja iliyo ferosumaku peke yake, zikiyeyushwa pamoja zinatoa sumaku. Kila nikiisoma habari hiyo naona jinsi mpangilio wa atomu unavyoweza kushinda tabia ya kila atomu.)

Oksidi nazo zinahesabika. Katika CrO2, kromi inaleta 6 na oksijeni mbili 12, jumla 18. Bendi za oksijeni ni nane kwa kila spini, kwa hiyo wachache ni 8, wengi 10, momenti 2.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: namba kamili ni sharti la lazima lakini halitoshi. EuO ina momenti 7 nadhifu kabisa, ila ni nusu-kipitishi cha ferosumaku, yaani ina pengo kwa spini zote mbili. Ya pili: sheria hii ni ya fomula zenye namba kamili. Kwenye La0.7Sr0.3MnO3 manganisi ina wastani wa elektroni 3.7 za d, na hiyo 3.7 ndiyo momenti unayoitarajia. Usiikatae kwa sababu ya desimali.

Hatua ya 2: Jenga fuwele kwenye kompyuta

Programu ninayoitumia ni Quantum ESPRESSO. Ni ya bure, na ndiyo iliyofundishiwa watu wengi wa kwetu kupitia shule za ASESMA za mbinu za muundo wa elektroni barani Afrika, zilizoanza Cape Town mwaka 2010 na kufika Eldoret mwaka 2012. NiMnSb ina atomu tatu tu kwenye seli yake ndogo, kwa hiyo kompyuta mpakato ya kawaida inatosha.

Muundo wake ni wa mchemraba wenye atomu katikati ya nyuso, ukubwa wa seli takribani angstromu 5.93. Manganisi na antimoni zimepangana kama chumvi ya mezani. Nikeli imekaa kwenye robo ya diagonali, na robo ya pili ya namna hiyo imeachwa wazi. Nafasi hiyo ya robo ni ya nikeli. Ukimweka manganisi hapo umejenga kitu kingine, na programu haitakuonya.

Faili la kuingiza ni hili:

```
&CONTROL
  calculation = 'scf'
  prefix = 'nimnsb'
  outdir = './tmp'
  pseudo_dir = './pseudo'
/
&SYSTEM
  ibrav = 2
  celldm(1) = 11.20
  nat = 3
  ntyp = 3
  ecutwfc = 60
  ecutrho = 600
  nspin = 2
  starting_magnetization(2) = 0.5
  occupations = 'smearing'
  smearing = 'mv'
  degauss = 0.005
/
&ELECTRONS
  conv_thr = 1.0d-9
  mixing_beta = 0.3
/
ATOMIC_SPECIES
Ni  58.69  Ni.UPF
Mn  54.94  Mn.UPF
Sb 121.76  Sb.UPF
ATOMIC_POSITIONS alat
Ni 0.25 0.25 0.25
Mn 0.00 0.00 0.00
Sb 0.50 0.50 0.50
K_POINTS automatic
12 12 12 0 0 0
```

Mistari mitatu ndiyo inayoharibu kazi za watu wengi.

`celldm(1)` inataka urefu kwa kizio cha Bohr, si angstromu. 5.93 gawa kwa 0.529 ni 11.2. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika 5.93 pale, nikazibana atomu hadi karibu nusu ya umbali wake, nikapoteza siku mbili nikiilaumu pseudopotensheli (faili linalowakilisha kiini cha atomu na elektroni zake za ndani). Siku hizi, kabla ya kusoma kitu kingine chochote kwenye matokeo, nasoma umbali kati ya nikeli na manganisi. Ni lazima uwe takribani angstromu 2.57.

`starting_magnetization(2)` inaipa manganisi msukumo wa kwanza. Hesabu hii hutafuta bonde la karibu la nishati. Ukiianzisha bila spini itatulia kwenye bonde lisilo na sumaku, nawe utadhani aloi haina sumaku.

`degauss` inalainisha ukingo wa kiwango cha Fermi ili hesabu itulie. Pengo tunalolitafuta ni la takribani eV 0.5. Wengi huweka 0.02 kwa mazoea. Hizo ni Rydberg, kizio cha nishati cha programu hii, sawa na eV 0.27. Ukungu wa eV 0.27 ndani ya pengo la 0.5 unatosha kumwaga elektroni mahali pasipo na nafasi. 0.005 ni eV 0.07, na unaweza kushuka zaidi ukiongeza pointi za k (wavu wa mawimbi ya elektroni yanayohesabiwa, ule wa 12 12 12 mwishoni mwa faili).

Hatua ya 3: Soma matokeo kwa mpangilio

Tafuta kwanza mstari wa `total magnetization`. Ukiona 4.00, kalamu na kompyuta zimekubaliana. Ukiona 3.9 au 4.1, simama hapo. Ongeza pointi za k, punguza `degauss`, kagua tena ukubwa wa seli. Usiendelee kuchora grafu ya momenti isiyotulia.

Usishtuke ukiona programu inasema elektroni ni zaidi ya 22. Pseudopotensheli nyingi za manganisi na nikeli zinabeba pia elektroni za ndani. Hizo ziko jozi kwa jozi, haziigusi momenti.

Ndani ya jumla hiyo ya 4, karibu yote ni ya manganisi, takribani 3.7 hadi 3.8. Nikeli ina kidogo, chini ya 0.3. Antimoni inaegemea kidogo upande wa pili.

Kisha rudia hesabu kwa `calculation = 'nscf'`, `occupations = 'tetrahedra'` na wavu mzito zaidi wa pointi za k, 24 kwa 24 kwa 24. Baada ya hapo endesha `dos.x`. Faili litakalotoka lina safu za nishati, spini juu, spini chini na jumla iliyolimbikizwa, na kichwani mwake kuna thamani ya kiwango cha Fermi. Nenda kwenye mstari wa nishati hiyo, chukua namba mbili, ziweke kwenye fomula ya P. Safu ya spini chini iwe sifuri, na iendelee kuwa sifuri juu na chini ya hapo kwa umbali unaoonekana.

Umbali huo uandike. Watu huandika upana wa pengo zima wakasahau kuandika kiwango cha Fermi kimekaa wapi ndani yake. Pengo la eV 0.5 ambalo kiwango cha Fermi kimegusa ukuta wake halina faida kubwa. Nishati ya joto la chumbani ni takribani eV 0.025, na kasoro ndogo za fuwele husukuma zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Litikise jibu

Jibu la kweli halianguki kwa kuguswa. Badilisha ukubwa wa seli kwa asilimia moja na mbili, juu na chini, uone kama 4.00 inabaki. Utando uliooteshwa juu ya fuwele nyingine hubanwa au kuvutwa kwa kiasi cha namna hiyo, kwa hiyo jaribio hili linahusu kifaa halisi.

Washa mwingiliano wa spini na obiti. Mwingiliano huu unachanganya spini mbili, kwa hiyo P ya 1 kamili haiwezekani tena kimsingi. Kwa NiMnSb hasara ni ndogo, P inabaki takribani asilimia 99. Kwenye aloi zenye atomu nzito zaidi tarajia hasara kubwa zaidi.

Badilisha pia makadirio ya mwingiliano wa elektroni. Mfano mzuri ni Co2FeSi. Kanuni inasema 18 na 8 na 4 ni 30, toa 24, momenti 6. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2005 vilipata 6 kweli, na halijoto ya Curie (ile ambayo usumaku wake hupotea) ya takribani kelvini 1100. Lakini makadirio ya kawaida ya mwingiliano huo, yaitwayo ya gradienti, yanatoa takribani 5.5. Inabidi kuongeza masahihisho ya msukumano wa elektroni za d ndipo 6 ipatikane. Ukiona tofauti kama hiyo, usichague jibu linalokupendeza. Andika yote mawili.

Hatua ya 5: Kagua sampuli kabla ya kupima spini

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika kimyakimya. Kompyuta ilipanga kila atomu mahali pake. Tanuru halifanyi hivyo.

Kwa miale ya X, kwenye aloi kamili za Heusler tazama vilele vya (111) na (200), namba zinazotaja matabaka ya atomu yanayoakisi miale. Vikiwepo vyote, mpangilio ni mzuri. (111) ikipotea na (200) ikabaki, manganisi na silikoni zimechanganyika, hali ambayo pengo huweza kuivumilia. Zikipotea zote mbili, atomu zote zimevurugika.

Kosa baya zaidi miale ya X hailioni vizuri. Kobalti ikikaa mahali pa manganisi ndani ya Co2MnSi, inaleta nafasi za elektroni katikati ya pengo. Lakini kobalti ni elementi namba 27 na manganisi namba 25, na miale ya X inatawanywa na elektroni, kwa hiyo atomu hizo mbili zinafanana mno machoni pake. Nyutroni ndizo zinazozitenganisha, kwa kuwa urefu wa mtawanyiko wa manganisi ni hasi, takribani femtomita −3.7, na wa kobalti ni chanya, 2.5. Kama huna njia ya kufikia chanzo cha nyutroni, na wengi wetu hatuna, basi momenti ndiyo itakayokusaidia.

Ipime momenti ya ukolezo (ile ya juu kabisa, sampuli ikiwa ndani ya uga mkali wa sumaku) kwenye halijoto ya chini, kisha igeuze kuwa magnetoni za Bohr: zidisha emu (kizio cha momenti) kwa gramu na uzito wa molekuli, gawa kwa 5585. NiMnSb ina uzito wa 235.4, kwa hiyo momenti 4 ni sawa na emu 94.9 kwa gramu. Kipande cha miligramu 10 kitoe emu 0.949. Ukipata 0.90, momenti yako ni 3.8, na kuna kitu ndani ya sampuli ambacho hakikuwa kwenye kompyuta. Pima uzito kwa mizani nzuri, maana kosa la asilimia tano kwenye uzito linatoa 3.8 ileile bila aloi kuwa na tatizo lolote.

Hatua ya 6: Pima P yenyewe

Njia niipendayo, kwa sababu haihitaji kuotesha tando wala kuchonga kifaa, ni ya ncha inayogusa. Msingi wake ni jambo alilolieleza Andreev mwaka 1964. Elektroni ikitoka metali ya kawaida kuingia kwenye kipitishi-kikuu (metali isiyo na ukinzani kwenye baridi kali) kama niobi iliyopoozwa, haiwezi kuingia peke yake. Inaingia ikiwa jozi na elektroni ya spini ya kinyume. Kwenye metali isiyo na sumaku mwenza yupo daima, mkondo unakuwa maradufu. Kwenye nusu-metali mwenza hayupo. Elektroni inarudishwa, na mkondo unakatika.

Fomula moja ya kuikumbuka: mguso ukiwa safi na joto likiwa chini sana, uwiano wa upitishaji kwenye volteji sifuri, G(0), na ule wa volteji kubwa, Gn, ni

G(0) / Gn = 2(1 − P)

P ikiwa sifuri unapata 2. P ikiwa 0.5 unapata 1. P ikiwa 0.9 unapata 0.2.

Kazi inaenda hivi. Nyoa waya wa niobi uwe na ncha kali. Iteremshe pamoja na sampuli ndani ya heliamu ya kimiminika, kelvini 4.2, niobi hupoteza ukinzani chini ya kelvini 9.2, kwa hiyo uko salama. (Heliamu ndiyo gesi iliyotangazwa mwaka 2016 kugunduliwa Bonde la Rukwa, Tanzania, matumizi yake kwenye maabara za baridi kali ni haya.) Sogeza ncha kwa skrubu laini hadi ukinzani wa mguso uwe kati ya omu chache na makumi. Pima mabadiliko ya mkondo kwa volteji kuanzia milivolti −10 hadi +10, na chukua Gn kwenye sehemu ya mbali iliyo tambarare. Pengo la niobi ni takribani milielektronivolti 1.5, na joto la kelvini 4.2 ni 0.36 tu, kwa hiyo umbo la mkunjo linaonekana.

Sasa inua ncha, iguse tena mahali pengine. Na tena. Miguso kumi ni michache. Kila mguso una kizuizi chake, Z (si ile Z ya elektroni za valensi), ambacho unakipata kwa kulinganisha mkunjo na modeli ya BTK (Blonder, Tinkham na Klapwijk) ya mwaka 1982 iliyorekebishwa kwa spini. Chora P dhidi ya Z, kisha fuata mstari hadi Z sifuri. Mguso mmoja mzuri uliochaguliwa kati ya ishirini si kipimo.

Soulen na wenzake walipotumia njia hii mwaka 1998 walipata takribani asilimia 90 kwa CrO2, 78 kwa La0.7Sr0.3MnO3, na 58 tu kwa NiMnSb. Aloi iliyoanzisha jina lenyewe ilipata 58!

Je, hesabu za 1983 zilikosea? Hapana, na ushahidi ulikuwa umeshapatikana. Mwaka 1990 NiMnSb ilipimwa kwa positroni (chembe kama elektroni ila zenye chaji chanya) zenye spini, ambazo huzama na kufia ndani kabisa ya fuwele, na matokeo yalikubaliana na nusu-metali. Ncha ya niobi inagusa uso, na usoni atomu zimepoteza majirani, mpangilio umevurugika, nafasi mpya zimezaliwa ndani ya pengo. Mambo yote mawili ni kweli kwa fuwele ileile. Kwangu hili ndilo somo kubwa la NiMnSb, na ndilo linalokosekana kwenye makala zinazoishia Hatua ya 3, kwa kuwa mkondo wa kifaa chochote lazima uvuke uso fulani.

CrO2 iliyoshinda hapo ni unga uleule uliopakwa kwenye kanda za kaseti za "chrome". Waliorekodi miziki kwenye kaseti hizo walikuwa wameshika nusu-metali mkononi.

Njia ya pili ni kifaa cha matabaka matatu: sumaku, kihami chembamba, sumaku. Ukinzani sumaku zikipingana, toa ukinzani zikiwa sambamba, gawa kwa ule wa sambamba: jibu linaitwa TMR. Jullière alitoa fomula yake mwaka 1975:

TMR = 2·P1·P2 / (1 − P1·P2)

P zote mbili zikiwa 0.4 unapata asilimia 38. Zikiwa 0.95 unapata 1850. Mwaka 2003 kifaa cha La0.7Sr0.3MnO3 chenye kihami cha SrTiO3 kilipita asilimia 1800 kwenye kelvini 4, nacho kikatoa P ya angalau 95. Linganisha na 78 ya ncha ya niobi kwa oksidi ileile: uso uliofunikwa ndani ya kifaa hauwi sawa na uso uliokaa hewani.

Fomula hiyo usiitumie kwa kihami cha MgO. Tangu 2004 inajulikana kwamba MgO ya fuwele huchuja elektroni kwa umbo la mawimbi yake, na vifaa vya CoFeB na MgO vimefika asilimia 604 kwenye joto la chumbani bila kuwa na nusu-metali ndani yake. Ukiipachika 604 kwenye fomula utapata P ya 0.87 ambayo haipo kwenye metali hiyo.

Njia ya tatu, kung'oa elektroni kwa mwanga wa urujuanimno na kupima spini zake, inahitaji vifaa vya gharama kubwa na inaona nanomita moja au mbili za juu tu. Sina mengi ya kuelekeza hapo.

Hatua ya 7: Uliza kuhusu joto

P iliyopimwa kwenye heliamu haijui chochote kuhusu chumba chako. Spini zikianza kuyumba kwa joto, mgawanyo wa juu na chini unachanganyika, na mwelemeo hushuka mapema kabla ya halijoto ya Curie kufikiwa. La0.7Sr0.3MnO3 ina Curie ya takribani kelvini 360 na CrO2 takribani 390. Chumba ni 300. Nafasi ni finyu mno, na ndiyo maana oksidi hizo mbili zinang'ara kwenye baridi kisha zinafifia mezani. NiMnSb ina 730, magnetaiti (oksidi ya chuma, Fe3O4) takribani 850, Co2MnSi 985.

Kwa sababu hiyo, ukiniuliza wapi pa kuweka nguvu, nitasema kwenye aloi za Heusler zenye kobalti. Mwaka 2014 kundi lililoongozwa na Jourdan, kutoka Mainz, Ujerumani, lilipima asilimia 93 kwenye utando wa Co2MnSi, kwa mwanga wa urujuanimno, uso ukiwa haujawahi kutolewa nje ya ombwe, kwenye joto la chumbani.

Soma tena jinsi nilivyoiandika namba hiyo: aloi gani, njia gani, uso wa hali gani, joto gani. Kwenye daftari lako la maabara kila P iwe na safu hizo nne pembeni yake. Safu mojawapo ikiwa tupu, rudi kwenye sampuli ukaijaze kabla hujailinganisha na ya mtu mwingine.